Fizi za Mama

Daktari wa meno alimfumbua mama mdomo, akachungulia, kisha akaniuliza mimi, "Fizi zimeanza kutoka damu lini?" Mama alikuwa amelala kwenye kile kiti anaitazama taa, hajui tumefuata nini mjini. Nikajibu kwamba sikumbuki. Nilikuwa nakumbuka vizuri sana.

Ilikuwa mwaka ule alipohamia kwangu Kiseke kutoka Bujora. Asubuhi moja alinionyesha mate mekundu kwenye beseni. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nimezoea kusema jambo na watu wakaandika, kwa hiyo sikuuliza mtu. Kwetu fizi ikitoka damu tunaiona kidonda, na nani anasugua kidonda? Nikautupa mswaki wake jalalani, nikamkorogea maji ya chumvi na kumwambia asukutue tu mpaka zipone. Damu ikaacha kuonekana, nikajipongeza. Mama alikuwa akimtii mwanawe aliyesoma. Alisukutua miaka na miaka, na mimi sikumnunulia mswaki mwingine.

Mwishowe nikamtajia daktari yale maji ya chumvi. "Hapo ndipo mlipokosea, dada," alisema. "Fizi ikitoka damu unaendelea kupiga mswaki, ila taratibu. Huu ukoga ndio unaokula fizi."

Aling'oa meno mawili yaliyokuwa yakicheza. Wakati mama anauma pamba, nikamweleza daktari kuhusu kusahau kwake: chungu kilichoungulia jikoni, siku aliyopotea akakutwa Buswelu akitafuta ng'ombe wa baba yake. Daktari akavua glavu polepole. Alisema wataalamu wanashuku kwamba ugonjwa wa fizi na huu wa kupoteza kumbukumbu yana uhusiano. Hawana hakika kwamba mmoja unaleta mwingine, na mtu anayesahau husahau hata kusafisha kinywa. "Usijihukumu," alisema. Kisha akaongeza kwamba na mimi nije nikaguliwe.

Usijihukumu! Kama vile hukumu ni koti la kuvuliwa mlangoni. Niliogopa, na nilipofika nyumbani nikajifungia bafuni nikasukuma fizi zangu kwa ulimi. Ladha ya chuma ikaja. Nilikuwa nikiijua ladha hiyo kwa muda mrefu, nikaizoea, nikaimeza pamoja na chai.

Tangu siku hiyo mimi ndiye ninayempigisha mama mswaki. Anafumbua mdomo vizuri, bila ubishi, na utiifu huo ndio unaonimaliza. Ningependa anigombeze. Ningependa aseme, wewe mtoto, ni wewe uliyenifanya hivi. Darasani, nikikosa jina la mwanafunzi, nashika meza. Nikikuta nimeacha chaki mfukoni nahesabu siku: nilisahau nini jana, nilisahau nini juzi?

Jumapili moja nilikuwa nimepiga magoti mbele yake na kikombe cha kusukutulia. Akanitazama kwa heshima, kama mgeni mdogo aliyefikia nyumba ya watu, akasema, "Shikamoo."

Nilikataa. Nikamwambia, "Hapana mama, mimi ndiye ninayekuamkia. Mimi ni mwanao." Akainamisha kichwa, akarudia kwa sauti ndogo zaidi. Mdomo ukaanza kumtetemeka. Kwetu mtoto akiamkia asipojibiwa, anaelewa kuwa amekosea, na mama alikuwa akisubiri kuambiwa kosa lake.

"Marahaba," nikasema.

Akatabasamu. Mimi nilihisi nimeiba kitu ambacho hakirudishwi. Kumwitikia mama mzazi, mwenye mvi, aliyenizaa! Kikombe kikainama, nikamwaga maji kwenye mkeka.

Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni na taulo, amesikia yote. Ana miaka kumi na saba na haogopi kuniuliza kitu. Alifuta maji, akamfuta bibi yake kidevu, halafu akaniangalia mdomoni. Si machoni, mdomoni.

"Mama, ulishaenda kwa yule daktari akakukagua?"

Nilitaka kumwambia kwamba naogopa. Kwamba nikijua, nitakuwa nimejua, na sitaweza kurudi nyuma nisijue. Kwamba siku moja huenda nami nikamwamkia yeye, na sitaki hata kuiwaza sura yake siku hiyo.

"Nilishaenda," nikasema. "Amesema niko salama."

Aliniamini, akapeleka kikombe jikoni.