Meli Isilale Upande

Asubuhi nzima mpanga mizigo hupanga saruji tumboni mwa meli, kulia sawa na kushoto, akilipiga kila gunia kofi kama anayebembeleza mtoto. Kamba zikifunguliwa tu, abiria wote hao, mbio upande wa gati kupunga mikono, na meli inalala. "Jamani, hata samaki wa upande wa pili wanataka kuagwa!" hufoka, sauti imemkauka.

Leo mama mmoja mnene aligoma kuvuka. "Kwani wewe huna wa kumuaga?"

Mpanga mizigo akatupa jicho gatini. Mkewe husimama pale gatini kila safari, na kila safari yeye yuko upande wa pili akifoka.

Mama akashusha pumzi, akavuka upande wa pili.

"Haya, nenda kapunge. Nakushikia meli."