Neno Aliloandika Mama Sakina

Juzi nilimwona mama akijaza fomu ya shule, nikamkumbuka Mama Sakina, jirani yetu wa mtaa wa Deira tulipoishi Uarabuni nikiwa mtoto. Alasiri moja alikwenda kumwandikisha bintiye, rafiki yangu, nami nikafuatana nao. Ofisi ilinukia udi na karatasi zilizotoka mashineni zikiwa bado moto.

"Uraia?" karani aliuliza.

"Rohingya."

"Hiyo si nchi, mama. Naandika Bangladesh walikokimbilia wenzenu, khalas, yamekwisha."

"Kwetu ni Burma. Uraia walitunyang'anya. Jina hatukuwapa."

Mama Sakina alichukua kalamu akaliandika mwenyewe, kwa herufi kubwa: Rohingya. Nilidhani anamsaidia karani asiyejua kuliandika. Sikujua kwamba hilo ni jina la kabila lao, na kwamba serikali ya kwao haikutaka hata litamkwe.

Karani alilikata kwa mstari. Mama Sakina akaliandika tena.