Hooyo alinisalimu mara tatu, focus ikiwa kwenye dirisha lingine

Wakuu, salamu nyingi kutoka Garissa, ambako jua halina mchezo na mtu.

Hii ilinipata mimi mwenyewe. Sitatia chumvi, maana huku chumvi tunawawekea ngamia.

Nafanya kazi kwenye cyber hapa mjini. Nachapa CV, barua, mambo ya shule. Laptop yangu ni ya Linux, na msinianze, najua kuna watu hapa wakisikia Linux wanavuta kiti.

Kwa wasiojua: kuna kitu kinaitwa window manager. Ndicho hupanga madirisha kwenye screen na kuamua lipi linapokea unachobonyeza. Dirisha linalopokea ndilo lenye focus.

Mimi nilikuwa nimeseti focus ifuate mouse. Mshale ukikaa juu ya dirisha, hilo ndilo linasikiliza, hata hujabofya, hata kama lingine limelifunika nusu. Kwa kazi ya kuchapa ni raha sana.

Sasa hooyo, yaani mama yangu.

Yuko upande wa Banissa na mifugo. Ana kabambe, simu ndogo ya kuongea tu. Uso wake sikuwa nimeuona tangu niondoke nyumbani, na wakuu, nilikuwa nimemmiss vibaya. Nimemmiss mpaka moshi wa kwenye nguo zake. Mwanamke akigombeza mbuzi sokoni kwa sauti kama yake, nageuka.

Siku moja binamu yangu mwenye smartphone akaniandikia: kesho wanahama kufuata mvua, wanakoenda mtandao hakuna, kaa tayari baada ya adhuhuri, nampandisha hooyo kilimani nikupigie video.

Nilivaa shati ya Idi. Msicheke.

Simu ikaingia nikiwa nachapa CV ya mzee mmoja, uso wa hooyo ukajaa kwenye dirisha. Amezeeka kidogo. Macho ni yale yale.

Programu ninayotumia huanza mic ikiwa imezimwa, kwa sababu ya kelele za cyber. Ukitaka kuongea unashikilia space bar.

Hooyo akasema, "Assalaamu aleykum."

Nikashikilia space, nikajibu kwa moyo wote. Akangoja.

Akasema tena. Nikajibu mpaka wateja wakageuka. Ya tatu aliisema polepole, uso karibu kabisa na simu. Kisha akapotea.

Hapa lazima nieleze. Kwetu ukifika mlangoni kwa mtu unatoa salamu mara tatu. Ya tatu isipojibiwa, unaondoka, humlazimishi. Na mtu akiiacha salamu yako bila jibu, ujue kuna kitu kati yenu. Hooyo alikuwa amebisha kwangu mara tatu, na kesho yake anahama.

Mutinda, jamaa wa Kitui ninayefanya naye kazi, akainama kuangalia screen. "Ndugu, mic yako bado iko off. Na hii CV ya mzee, mbona kuna shimo katikati ya jina lake?"

Mshale ulikuwa umelala pembeni, juu ya CV. Dirisha la simu lilikuwa mbele machoni pangu, lakini CV ndiyo iliyokuwa inapokea. Jibu langu lote la salamu lilikuwa lile shimo.

Najua mtasema, si ungebofya tu alama ya mic? Ndiyo. Nimeshaiwaza hiyo nikila, nikitembea, mpaka msikitini, Mungu anisamehe. Lakini mtu anayemwangalia mama yake hakumbuki mouse.

Nikapiga. Simu ya binamu ilikuwa imeisha charge. Kesho yake, kabambe na smartphone, zote hazipatikani.

Niliumia, wakuu. Nikiamka nawaza, huko aliko anajiuliza amenikosea nini.

Baadaye Abdi, dereva wa lori la mifugo, akasema anapanda upande ule. Nikampa salamu, na kwetu salamu uliyopewa upeleke ni amana. Mwambie nilijibu zote tatu pale pale, mashine ndiyo ilininyamazisha.

Abdi alimkuta siku ya soko. Aliporudi aliingia cyber na vumbi lake, akaongea Kiswahili chake cha lafudhi ya Kisomali, makusudi ili Mutinda naye asikie.

"Mama yako nimebata. Iko fizuri, alhamdulillahi. Salamu nimefikisha, akacheka. Anasema mdomo yako ilikuwa inatembea, alijua wewe najibu tangu ile ya kwanza."

Nikamuuliza, sasa ya pili na ya tatu zilikuwa za nini?

"Alikuwa anaogoba akinyamaza, hii binamu yako nakata simu. Alitaka kukuona bado kidogo."

Mutinda akaenda kuangalia printer ambayo haikuwa na shida yoyote.

Somo ni hili. Kama focus yako inafuata mouse, angalia mshale umelala wapi kabla hujafungua mdomo. Mimi nimerudisha ile ya kubofya kwanza, na simu ikiingia dirisha lake linachukua focus moja kwa moja.

Somo lingine si la settings. Nilihangaika na sauti, kumbe yeye alitaka uso tu.

Nimeomba ruhusa kazini. Lori la Abdi linaondoka baada ya alasiri na mimi nimo. Safari hii nabisha mimi.

Mafundi wa Linux, nichekeni, ruksa. Na wenye mama mbali, andikeni hapa mara ya mwisho mlimwona lini. Nikichelewa kujibu msinune, ninakoenda mtandao hakuna.