Inchi Moja ya Mama

Mpimaji mkuu wa kiwanda cha sare alikuwa mama wa watoto wanne, na kitindamimba wake ndiye aliyeandika programu ya mashine mpya ya kukata vitambaa. Washonaji walimwita binti huyo Bi Kompyuta, mwanzoni kwa kejeli, baadaye kwa mazoea.

Mashine ilielewa sentimita tu, na wapimaji tangu zamani waliandika inchi. Programu ilikuwa na fanksheni kumi na nne, yaani vijisehemu vyenye kazi moja moja: ya kifua, ya kiuno, ya mkono na nyinginezo. Binti hakutaka kuzifumua zote. Akaandika dekoreta moja ya Python, lugha ya programu hiyo, akaibandika juu ya kila fanksheni kama bawabu. Kila kipimo kilipokelewa hapo mlangoni, kikageuzwa sentimita, ndipo kikaruhusiwa kupita. Fanksheni zenyewe hazikuguswa.

Wiki ya kwanza, mashati yote aliyopima mama yakatoka mapana.

"Mama yako macho yamekwisha," msimamizi alimwambia binti. "Ijumaa apumzike moja kwa moja."

Binti akaenda kwenye meza ya vipimo. "Mama, hebu nipime kifua."

Utepe wa mama ulikuwa umechakaa ncha miaka mingi, kwa hiyo alianzia kwenye alama ya inchi ya kwanza. "Thelathini na saba."

"Mimi ni thelathini na sita."

"Najua, si nilikuzaa mimi? Mkataji hupunguza moja."

"Mkataji alistaafu, mama."

"Na hilo limashine lako hukuliambia?"

Vipimo vya wanafunzi mia mbili vilikuwa vimekwisha kuandikwa hivyo. Binti akatunga dekoreta ya pili, ya kutoa moja kwenye vipimo vya mama, akaiweka chini ya ile ya kwanza. Shati la majaribio bado likatoka pana. Kumbe kipimo kiligeuzwa sentimita kwanza, kisha ikatolewa sentimita moja badala ya inchi, kama mtu aoge ndipo avue nguo. Akaipandisha ya mama juu, itangulie.

Ijumaa mama alimpima msimamizi mwenyewe, akaandika arubaini na tatu. Mashine ikakata, mshonaji akashona. Msimamizi akafunga vifungo vyote, akanyoosha mikono, akainama, akainuka.

"Jumatatu kuna shule mbili," akamwambia mama. "Uwahi."

"Lini nilichelewa, baba?" mama akauliza. "Na hilo shati ulivue, bado halijapigwa pasi."