Magazini Tatu Bila Neno

Kuramochi aliendesha treni mkoani Chiba kwa miaka thelathini na minane, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuipita taa bila kuinyooshea kidole na kuitaja kwa sauti. "Taa ya kuondokea, kijani." "Milango, imefungwa." Madereva wote walifundishwa hivyo: jicho lione, kidole kionyeshe, mdomo useme. Alistaafu akiwa na miaka sitini na mitatu. Kidole hakikustaafu.

Nyumbani haikuwa taabu. Mkewe, Fumie, alishazoea kumsikia jikoni akisema, "Gesi, imefungwa." Taabu ilianza alipojiunga na watu wa vita vya kuigiza, wale wanaokutana kila Jumapili katika msitu wa mierezi nje ya Inzai na bunduki za kuchezea zinazotema vigololi vya plastiki. Aliupenda mchezo ule kuliko alivyotarajia. Alipenda kulala kifudifudi juu ya majani makavu katika umri wake, na alipenda kwamba kigololi hakiachi alama, hivyo aliyepigwa hujitangaza mwenyewe na kutoka bila kushikwa mkono na mtu.

Lakini kila magazini, kile kisanduku cha vigololi kinachochomekwa kwenye bunduki, ilipokwisha na mkono ukaenda kifuani kutafuta nyingine, kidole kilichomoka na mdomo ukafuata: "Mfuko wa pili, umejaa, sawa." Papo hapo kigololi kilitoka kichakani na kumpata, mara nyingine kikifuatwa na kicheko.

"Mzee, wewe hupigwi, unajitangaza tu," Sugeno, dereva wa lori la tambi aliyekuwa naye timu moja, alimwambia walipokutana tena kwenye benchi la waliokufa. "Kituo kinachofuata, makaburini. Milango itafunguka upande wa kulia."

"Upande wa kushoto," Kuramochi alimsahihisha. "Benchi liko kushoto."

Sasa mashindano ya watano kwa watano yalikuwa yanakaribia, na kila mchezaji aliruhusiwa magazini nne tu: moja kwenye bunduki, tatu mwilini. Nahodha wao, Iwasa, binti wa miaka thelathini na moja aliyefanya kazi kwa daktari wa meno, alikuwa na watu wanne. Wa tano, Kuramochi, hakuwa na uhakika naye.

"Unalenga vizuri kuliko sisi sote, Mzee Kuramochi," alisema. "Ila mdomo. Jumapili ijayo nitasimama hatua ishirini, nyuma ya ule ukuta wa mbao, mgongo nimekupa. Badilisha magazini zote tatu. Nikisikia neno lako moja, utabaki kulinda maji. Samahani sana."

"Ni haki, Nahodha," alijibu Kuramochi na kuinama. Njiani kurudi alishangaa jinsi alivyoitaka nafasi ile. Tangu akabidhi funguo za treni hakuwa ametaka kitu kwa namna hiyo.

Jumatatu alitandaza sakafuni kizibao chake cha kubebea magazini. Kilikuwa na mikanda iliyoshonwa safu safu, hivyo kila mfuko uliweza kuhamishwa popote. Alianza na vifuniko vya kunatana, ambavyo vikifunguliwa hulia kama karatasi inayochanwa. Akavibandua vyote, akaweka mpira wa kuvutika wa kuzishika magazini. Magazini zikagongana. Akakata soksi ya sufu akaitia ndani. Mifuko mitatu kifuani ilimfanya akilala awe kama kobe aliyenyoosha shingo, akaishusha tumboni. Alipochuchumaa, mapaja yakaisukuma juu. Akaigeuza magazini ili upinde wake utazame mbele, maana mkono wa kushoto ukiivuta hivyo, inaingia kwenye bunduki bila kuzungushwa. Kufika Jumatano kizibao kilikuwa kimya. Mwenyewe hakuwa kimya. Alijaribu kuuma taulo.

"Mm-mm, mmm, mm," alisema kupitia taulo.

Fumie alikuwa akikunja nguo. Alicheka hadi akakaa chini. Kisha akamtazama.

"Baba, hivi mbona aproni hujawahi kuitaja?"

"Aproni ipi, Mama?"

"Ya kuoshea vyombo. Gesi unaitaja. Bomba unalitaja. Hata kopo la chai ya shayiri unalitaja. Kamba za aproni unazifunga kimya kama mwizi."

Kuramochi alitoa taulo mdomoni, akaichukua aproni, akaifunga mgongoni. Hakusema kitu. Akaifungua, akaifunga tena, kimya. Halafu akaizungusha, akafunga fundo mbele ya kitovu.

"Fundo, limekaza," alisema.

Walitazamana. Basi, alikuwa akitaja kile tu alichokiona. Alifikiri juu ya chumba cha dereva: taa, saa, kipimo cha mwendo, vyote vilikuwa mbele. Ya nyuma yalikuwa ya kondakta. Hakuna aliyewahi kumfundisha kutaja asichokiona.

Alihamisha mifuko yote mitatu kutoka mbele hadi nyuma ya nyonga ya kushoto, kuupita mshono wa kizibao. Hakuna aliyevaa hivyo Inzai. Kila mtu hupanga mahali ambapo jicho litausaidia mkono. Bega likamuuma. Vidole vilikamata shati badala ya magazini. Akaishusha mifuko safu moja kwa upande wa mbele, midomo yake ikainama kukifuata kiganja. Akabandika ngozi kwenye mfuko wa kwanza, uzi mnene kwenye wa pili, wa tatu hakuubandika kitu, ili kidole kijue bila kuuliza. Alirudia mara hamsini kila mchana. Ijumaa mkono ulikwenda wenyewe, naye akiangalia dirishani akiwaza mambo mengine.

Jumapili Iwasa alisimama nyuma ya ukuta wa mbao. Sugeno alikaa kando na sahani yake ya wali wa kari.

"Anza unapokuwa tayari," Iwasa alisema.

Kuramochi aliinua macho, na mbele yake hasa, kwenye mwerezi, palikuwa na utepe mwekundu wa mpaka wa uwanja. Mwekundu. Midomo ilianza kufunguka. Alifumba macho.

Upepo ulipita juu ya miti. Kunguru mmoja alilia, akajibiwa.

"Mzee, anza basi," Iwasa aliita. "Kari inapoa."

"Nimeshamaliza, Nahodha."

Iwasa alitoka nyuma ya ukuta. Alihesabu magazini tatu ambazo Kuramochi alikuwa amezitoa na kuzitia ndani ya shati, akaigusa ya nne kwenye bunduki.

"Sugeno, ulimwona?"

"Nilimwona. Nilidhani anajikuna mgongo."

Iwasa alikwenda kwenye ubao na kuandika jina la tano chini ya yale manne. Aliporudi alimzunguka Kuramochi, akautia kidole mfuko wenye ngozi, kisha wenye uzi, akakunja uso kama mtu anayetazama jino asilolielewa. Mwishowe akabandua mfuko mmoja kifuani pake mwenyewe na kuupeleka nyuma kwa kupapasa.

"Hapa?"

"Chini kidogo," alisema Kuramochi. "Uinamishe kwa mbele. Na usiutazame."