Siku Niliyowapiga Plasta Papasi

Kosa langu la kwanza katika kazi hii ya kusaka papasi, wale kupe wa sakafuni waletao homa, nililifanya nikiwa na miaka tisa: nilifagia.

Nililikumbuka wiki iliyopita, nikiwa kijijini Endabash nachekecha udongo wa sakafu ya nyumba moja. Kazi hii sikuisomea chuoni. Nilijifunza mwenyewe, kwa vitabu vya kuazima na maswali mengi mpaka watu wakanichoka. Unachota udongo kwenye nyufa, unauchekecha, unaumwaga kwenye kitambaa cheupe juani, unasubiri. Papasi hujifanya kokoto. Joto likimzidi, anatembea. Nikiwa bado nasubiri, harufu ya makande ikatoka jikoni, na papo hapo nikawa kwa bibi.

Kwa bibi, rafiki yangu, ndama walilala upande mmoja wa nyumba, sisi upande mwingine, na tuliamshwa na harufu ya mkojo wao na ya maziwa yanayochemka. Mwaka huo mdogo wangu wa kike alishikwa na homa. Ikaondoka, ikarudi, ikaondoka, ikarudi. Dawa ya malaria haikufua dafu. Ndipo tukasikia kuna wapimaji wanapita nyumba kwa nyumba, kuona kama homa hizo zinaletwa na papasi.

Mimi nikaona aibu. Wageni wakute wadudu kwetu? Nikaamka alfajiri, nikafagia, nikaziba kila ufa kwa mavi mabichi ya ng'ombe na majivu, hata chini ya kitanda. Wapimaji wakachekecha, wakasubiri. Hakuna kitu.

"Bibi, kwako ni safi kuliko zahanati," mmoja akasema.

"Mjukuu wangu huyo," bibi akajibu. "Siku hizi hata kuku wanapiga hodi."

Nikavimba kichwa. Wapimaji walipoondoka tu, mdogo wangu akaanza kutetemeka tena, na mimi nikajua wameandika "hakuna" kwa sababu yangu. Nikamweleza bibi kila kitu huku nalia. Hakunipiga. Alijifunga kanga, akanishika mkono, tukawakimbilia hadi kwa jirani, naye jirani alicheka mpaka akakaa chini.

"Jamani, huyu mtoto kawapiga papasi plasta!"

Wakarudi. Wakabandua kazi yangu nzuri chini ya kitanda, wakamwaga udongo juani, na kokoto tano zikaanza kutembea. Zahanati wakampima mdogo wangu damu upya, wakampa dawa nyingine. Wiki iliyofuata alikuwa anachota makande kwenye sahani yangu, nami nikimsogezea.

Bibi hayupo tena. Nyumba ile imebomolewa. Iliyopo ina sakafu ya saruji, na ndama wana banda lao. Papasi siwakumbuki kwa mapenzi, ila ile harufu ya asubuhi naitafuta kila nyumba ninayoingia. Bado nataka kila kitu kiwe sawasawa. Lakini nikiharibu, nasema siku hiyohiyo, kama nilivyomwambia bibi.