Kicheko Juu ya Ngazi

Mwaka wangu wa pili wa shahada ya uzamili hapa Toronto, nilikuwa napanda basi mtaani kwetu Flemingdon Park asubuhi, nje bado giza, kwenda kufanya kazi kwenye maabara ya chini ya ardhi isiyo na dirisha. Mama, ambaye anatunza wazee, aliwahi kuniuliza tunafanya nini huko.

"Tunapiga mwanga kwenye jiwe, Mama. Linatoa elektroni, nasi tunaangalia zimeelekea wapi."

"Na jiwe limewakosea nini?"

Jiwe lenyewe lilikuwa fuwele ya kijivu, ndogo kama punje ya mchele. Ndani yake umeme haupiti. Elektroni hukimbia usoni mwake tu, na hata zikikuta kasoro hazirudi nyuma. Ukilipiga kwa leza, mpangilio wake wote hubadilika kwa muda mfupi mno, likawa kitu kingine kabisa, kisha likarudia hali yake ya awali. Mara nyingine nikitazama michoro kwenye skrini nilihisi tunachokoza kitu ambacho kingeachwa kilale.

Ili elektroni zitulie, tulilipoza kwa heliamu ya kimiminika, baridi kupita barafu yoyote. Kazi hiyo nilifanya na mwanafunzi Mtanzania aliyenitangulia masomoni. Nilimwita kaka.

Asubuhi moja ya Februari alipanda ngazi kuunganisha bomba la heliamu juu ya mtambo, kichwa karibu kinagusa dari. Mimi nilikuwa chini, macho kwenye kipimo. Nikasikia mluzi mwembamba, kama birika linaloanza kuchemka.

"Dada, punguza vali kidogo."

Sauti ilikuwa nyembamba, kama ya katuni. Nilicheka. Naye akacheka, akacheka tena, kicheko chembamba kisichokoma, na hapo nikainua macho kutoka kwenye kipimo. Heliamu ikivuja huwa gesi, na gesi hiyo ndiyo hubadilisha sauti hivyo. Kama ilikuwa kooni mwake, hewa ilikuwa imekwisha kumtoka.

"Kaka, shuka! Shuka sasa hivi!"

"Mbona niko sawa," alisema kwa sauti ileile, na mikono ikaachia ngazi.

Aliniangukia. Nilimburuta kwa kola hadi nje kwenye korido, nikampiga mgongoni, nikamwita. Midomo ilikuwa imegeuka rangi. Kisha akavuta pumzi moja ndefu yenye mkoromo, akakohoa.

Hospitali walimruhusu jioni ileile. Aliniuliza kwa nini bega linamuuma. Ngazi hakuikumbuka. Baadaye alihamia kazi ya mahesabu ya kompyuta, na kile chumba hajaingia tena.

Kengele ya kuonya hewa ikipungua haikuwa imelia. Ilikuwa imefungwa karibu na mlango, usawa wa kiuno, wakati heliamu hupanda juu. Fundi aliyekuja kufunga nyingine darini aliishika ile ya zamani, akaikagua.

"Hii ni nzima," alisema. "Imekaa hapa tangu chumba kifunguliwe."

Nikaanza kuwawaza watu wote waliokwisha kupanda ngazi ile.